Bei Mbili za Usiku

Chaja ilikufa Jumanne, mvua ikinyesha kwa ubavu
kama inyeshavyo Bethesda, mji wa mawe ya kuezekea.
Taa nyekundu, haipepesi.
Baba akaigonga kwa kiganja mara mbili,
vile alivyokuwa akigonga televisheni,
akasema, "Imekataa,"
akarudi ndani kwenye chai yake.

Fundi akaja Alhamisi. Tudur, mtoto wa Eirlys wa posta,
juzi tu alikuwa akivushwa barabara kwa mkono,
leo ana ndevu, na kipima umeme kinaning'inia shingoni.
Akafungua kifuniko. Konokono wawili,
na maji ya miaka saba yaliyoacha mstari wa kutu
kama ukoko wa chai kikombeni.
"Hata ingekuwa nzima," alisema, "ingekuwa kiziwi.
Walioitengeneza wamefilisika,
programu yake haifunguki tena.
Haijui saa."

Haijui saa! Kumbe miaka yote
nilichomeka waya nikifika asubuhi, nikaenda kulala,
nayo ikala mchana kutwa kwa bei ya mchana,
kama mgeni asiyejua kwamba sufuria ina mwisho.

Jioni tukakaa mezani na karatasi za bei,
baba na miwani yake, mimi na kikokotoo.
Saa sita na nusu usiku hadi kumi na moja na nusu:
peni saba kwa yuniti.
Nje ya hapo, ishirini na tisa.
Baba akapiga kofi mezani. Mimi nikacheka hadi nikakohoa.
Rahisi ghali, baba. Saa hizo gari liko wapi?
Saa hizo gari liko Bangor, chini ya taa ya makao ya wazee,
nami niko ndani, namgeuza Bi Prydderch ubavu wa pili
asichubuke,
natafuta meno ya mtu chini ya kitanda,
naketi na yule ambaye kwao simu haipokelewi.

Usiku ni uleule.
Kampuni ya umeme inaushusha bei kwa kuwa hakuna autakaye:
viwanda vimezimwa, mapanga ya upepo yanazunguka baharini
yakizalisha kwa ajili ya waliolala.
Mwajiri wangu anaupandisha bei
kwa sababu hiyohiyo, hakuna autakaye:
pauni moja na peni ishirini juu ya kila saa.
Giza moja, bei mbili,
na mimi katikati ya soko,
nauza kwa mkono huu, nanunua kwa huu.

"Siku nne uko zamu," baba akasema, "tatu unalala hapa."
Akageuza bahasha. Tatu mara tano, kumi na tano.
Kumi na tano mara saba, maana chaja ya Tudur inatoa saba...
"Mia na tano," nikasema.
"Na gari kwa wiki linakula ngapi?"
Sitini. Sitini na tano baridi ikikaza.
Akaweka kalamu chini polepole,
kama mtu aliyebakiwa na turufu peke yake mkononi.

Tukasaini.

Siku hizi, saa saba usiku, nikiwa kwenye korido
na kikapu cha shuka za watu,
simu inatetemeka mfukoni:
NAFUA SARE ZAKO. PENI SABA!
Tangu mama aondoke baba hakuwahi kuzilala saa hizo.
Alikuwa akizikodolea macho dari.
Sasa ana zamu.

Chaja mpya ni ndogo kuliko ile.
Kuizunguka, ukutani, umebaki mstatili wa rangi ya zamani,
safi, usiowahi kuonja mvua,
na matundu manne ambayo Tudur aliahidi kuyaziba.
Hajayaziba.
Konokono mmoja amekwisha kuhamia lile la chini.